Kiacheni Kimeo cha Mtoto

Nimeyasema haya kliniki, nimeyasema kwa walimu, na leo nayarudia: mtoto anayekoroma kila usiku hapumziki. Msiniambie karithi kwa babu yake, wala msimkimbize kwa fundi akatwe kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni.

Mama mmoja aliniletea mwanawe wa miaka minne. Nikamuuliza analalaje. Hakunijibu, akanipa simu. Kwenye video mtoto kalala chali, mdomo wazi, kichwa kakirudisha nyuma. Anakoroma, kisha kimya. Kifua kinabonyea, tumbo linapanda, hewa haipiti. Nikahesabu. Nilipofika kumi na mbili akashtuka kama aliyeibuka majini, akageuka ubavu, akaanza upya. Nikamulika koo: pale pa kimeo pana kovu, na tonsili zimekaribia kugusana. Walikuwa wameshampeleka kwa fundi, kimeo kikakatwa, mkoromo ukabaki palepale.

Sasa kimeo kina kosa gani, jamani? Kinachomziba mtoto ni tonsili huku na huku, na nyama za nyuma ya pua kwa juu. Akiwa macho misuli ya koo inaishikilia njia. Akilala inalegea, njia inajifunga. Ukikata kimeo umemwachia kidonda, pengine damu isiyokatika, pengine pepopunda.

Yupo atakayeniuliza, mbona nyinyi madaktari mnakikata? Kweli. Upasuaji alioueleza Fujita kule Detroit mwaka 1981 hupunguza kaakaa laini pamoja na kimeo, na tonsili hutolewa. Lakini huo ni wa mtu mzima, aliyepimwa usingizi, aliyepewa nusukaputi. Na hata hao si wote wanaopona, maana wengi huzibwa chini zaidi, nyuma ya ulimi.

Kwa mtoto tunaanza kwa kutoa tonsili na zile nyama za nyuma ya pua. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2013 ulifuatilia watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 wanaozibwa hewa usingizini. Baada ya miezi saba, asilimia 79 ya waliopasuliwa vipimo vyao vya usingizi vilikuwa vya kawaida. Waliosubiri, asilimia 46. Nasikia mtu anasema, basi tusubiri! Wale walisubiri wakiangaliwa na daktari, na waliozidiwa sana hawakuingizwa kabisa. Wewe unasubiri nyumbani, na mtoto anasinzia darasani anachapwa kwa uvivu.

Yule wa video tulimfanyia upasuaji huo. Mama yake akanieleza kwamba usiku wa kwanza nyumbani alimwamsha mara tatu, ule ukimya ulimtia hofu.

Watu wazima: mashine ya kupuliza hewa kwanza, kisha kuna kusogeza taya mbele, kuna kifaa cha kusisimua neva ya ulimi. Muda umekwisha, tutaonana pale nje.

Ila usiku wa leo mrekodini mtoto dakika tano. Taa iwake, blanketi mliondoe. Kifua nataka kukiona.