Idi Pili Ufukweni: Tuanzie Njiani, Mchanga Baadaye

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mnatusikia kutoka Kigoma, mwisho wa reli. Mimi ni Zuhura, mtoto wa Ujiji, na hapa ninaye Mrisho, aliyeshuka na treni ya Tabora miaka sita iliyopita akasahau kurudi kwao.

MRISHO: Sikusahau, dada. Nilionja mgebuka, samaki wa ziwa letu, wa kuchoma, basi.

ZUHURA: Kwenu mna asali lakini.

MRISHO: Asali inasafiri kwenye dumu. Mgebuka wa moto hausafiri, lazima uufuate.

ZUHURA: Haya. Leo tunaongelea sikukuu na ufukwe, maana Idi hiyo inakuja, na wewe ulinishuhudia pale ufukwe wa Bangwe, Idi pili, nikilia mbele za watu.

MRISHO: Nilikushuhudia. Kwanza nilijifanya sikujui.

ZUHURA: Mungu anakuona. Wasikilizaji, nilimwachia mkono mwanangu, ana miaka mitano, nilipe maji tu. Kugeuka, hayupo. Na siku ya Idi watoto wote wamefanana: shati jipya, miwani ya plastiki, puto mkononi. Unamkimbilia huyu, siye. Yule, siye. Na ziwa liko hatua kumi tu. Tanganyika hii yetu kina chake kinafika mita 1,470, duniani inazidiwa na ziwa Baikal la Urusi peke yake. Kuna mahali unaingia maji ya goti, hatua mbili mbele chini hakuna kitu.

MRISHO: Ulimkuta kwa yule mama wa mihogo.

ZUHURA: Amemkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, kampa kipande cha muhogo. Ananiambia, "Nimemweka juu aonekane, mama yake atapita tu." Yule mama ndiye aliyekuwa ofisi ya watoto waliopotea siku ile, na wala hakuna aliyemtuma.

MRISHO: Mimi baada ya siku ile nikaanza kusoma wenzetu wanafanyaje. Durban, Afrika Kusini, Krismasi na mwaka mpya ufukwe wao unafurika kuliko unavyoweza kufikiria. Manispaa yao ina mpango wa kuwafunga watoto kitambulisho mkononi, chenye namba ya simu ya mzazi. Mtoto akionekana anazubaa peke yake, anapigiwa mtu wake simu.

ZUHURA: Kitu kidogo namna hiyo!

MRISHO: Kidogo kabisa. Na pombe ufukweni hawaruhusu. Sasa nikavuka maji nikaenda Miami Beach, Marekani. Huko ndiko niliposhangaa.

ZUHURA: Wana nini?

MRISHO: Kwanza Miami Beach ni kisiwa. Unaingia kwa barabara za juu ya maji zinazotoka Miami. Wakazi kama 80,000 hivi. Mwezi Machi vyuo vinafunga, vijana wanamiminika kutoka nchi nzima. Halafu mwishoni mwa Mei wana sikukuu ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani, inaangukia Jumatatu, kwa hiyo wikiendi inakuwa ndefu, wanamiminika tena.

ZUHURA: Kama Idi ikidondokea Ijumaa.

MRISHO: Ndiyo hivyo. Mwaka 2021 walizidiwa wakatangaza hali ya hatari, marufuku kutoka usiku, na barabara za kuingia kisiwani zikafungwa. Mwaka 2023, Machi hiyohiyo, watu wawili wakauawa kwa risasi ndani ya wikiendi moja. Basi 2024 mji ukatoa video ya matangazo, ukiwaambia wale vijana: sisi na nyie tumeachana.

ZUHURA: Mji unatoa talaka?

MRISHO: Talaka kabisa, kwenye video! Kama mtu na mpenzi wake. "Tatizo si sisi, ni wewe." Halafu vitendo vikafuata: kwenye wikiendi mbili zenye watu wengi zaidi, kuegesha gari katika maegesho ya manispaa ya upande wa kusini kukawa dola 100.

ZUHURA: Subiri. Dola mia kuegesha gari? Si bora nilibebe kichwani?

MRISHO: Ufukwe ulifungwa saa kumi na mbili jioni. Mabegi yalikaguliwa kwenye njia za kuingilia. Barabarani polisi walipima madereva pombe. Viongozi wa mji walisema mpango umefaulu, na mwaka uliofuata wakaurudia.

ZUHURA: Hapo mimi nina neno. Dola mia inamzuia nani? Mwenye hela analipa anaingia. Anayebaki nje ni yule aliyechanga nauli na wenzake.

MRISHO: Na ndiyo lawama waliyopata. Wako waliosema hatua zile zinawalenga vijana weusi, kwa sababu wengi wanaomiminika huko ni weusi. Lakini dada, hata hapa kwetu ufukwe wa Jakobsen kuna kiingilio. Na ukienda siku ya sikukuu unapumua.

ZUHURA: Napumua kwa sababu wenzangu wako Bangwe wamebanana! Jakobsen ni ya mtu, ana haki yake, simlaumu. Ila usiniambie kila ufukwe uwekewe kiingilio. Mtoto wa Gungu, hapa hapa mjini, anaisubiri Idi mwaka mzima. Kanunuliwa viatu, kapewa mia tano yake. Umtoze mia tano hiyo mlangoni, halafu anunue nini? Aangalie maji arudi?

MRISHO: Sawa, kiingilio nakuachia. Kukagua mabegi je? Kufunga jioni?

ZUHURA: Kufunga jioni naunga mkono. Giza na ziwa havipatani.

MRISHO: Mimi ninachoking'ang'ania ni njia. Na nina sababu. Dada, wewe unajua mimi ni wa Tabora. Tarehe 1 Oktoba 2008, Idi el-Fitri, nilikuwa kidato cha pili.

ZUHURA: Disko toto.

MRISHO: Disko toto, dansi la watoto la sikukuu. Watoto wapatao 20 walikufa ndani ya ukumbi mmoja, kwa kukosa hewa na kukanyagana. Siku ya sikukuu, wamevaa nguo mpya, wazazi wao wako nyumbani wanapika pilau. Mimi sikwenda, nilikuwa na homa. Nakumbuka jioni ile mtaani kwetu redio zote zilizimwa.

ZUHURA: Ndiyo maana kila sikukuu ikikaribia polisi wanatangaza disko toto marufuku. Vijana wa siku hizi wanasikia hilo tangazo hata hawajui limetokea wapi.

MRISHO: Hawajui. Na watu wanadhani katika mkanyagano unakufa kwa kukanyagwa. Wengi wanakufa wamesimama. Mita moja ya mraba ikishabeba watu watano, sita, mwili si wako tena, unakwenda unakosukumwa. Kifua kinabanwa, pumzi haiingii. Na aliyeko nyuma haoni, yeye anaona foleni haiendi, anasukuma kidogo. "Kidogo" za watu mia tatu zikikutana mbele, ndiyo hiyo.

ZUHURA: Lakini ufukwe ni uwazi. Hauna kuta.

MRISHO: Mchanga hauna kuta. Njia ya kufikia mchanga inazo. Bangwe siku ile tuliingiaje? Bajaji zinashusha palepale, bodaboda zinageuza palepale, anayeingia na anayetoka wanakutana uso kwa uso, na katikati kuna jiko la mishikaki linawaka.

ZUHURA: Jiko lile liliniunguza dera.

MRISHO: Na mchanga wenyewe umepungua. Ziwa limepanda miaka hii ya karibuni, mahali tulipokuwa tunacheza mpira sasa samaki ndio wanacheza. Watu ni walewale au zaidi, nafasi imekatwa. Kwa hiyo mimi ningefanya hivi: bajaji na bodaboda zishushie mbali, watu wamalizie kwa miguu. Njia ya kuingia iwe yake, ya kutoka iwe yake. Wapika mishikaki wote upande mmoja.

ZUHURA: Bodaboda watakuelewa?

MRISHO: Wakikaa mezani na viongozi wao kabla ya siku yenyewe, wataelewa. Akipelekewa amri asubuhi ya Idi na mgambo mwenye fimbo, haelewi mtu.

ZUHURA: Na mitumbwi. Usisahau mitumbwi ya kuzungusha watoto ziwani. Mtumbwi wa watu kumi unapakia ishirini na tano kwa sababu ni sikukuu, kama vile sikukuu inaongeza mbao. Jaketi okozi ziko mbili, moja kaikalia nahodha.

MRISHO: Anaikalia kweli! Nimeiona. Mto wa makalio.

ZUHURA: Hapo mimi sina huruma, Mrisho. Hakuna jaketi, mtumbwi hauondoki. Na mzazi unayemwinua mwanao umpandishe, hesabu kwanza vichwa.

MRISHO: Kwa hiyo Idi hii unakwenda, huendi?

ZUHURA: Nakwenda Idi tatu, watu wamepungua. Idi pili wanakwenda wajukuu wa jirani, nami nawafungia vitambaa mkononi, nimeshachana kanga kuukuu. Nimeandika namba yangu kwa kalamu ile isiyofutika.

MRISHO: Umejaribu kuilowesha?

ZUHURA: Nimeilowesha jana kwenye ndoo. Namba ya mwisho imefutika.

MRISHO: Ipi?

ZUHURA: Saba. Sasa inasomeka kama moja.

MRISHO: Basi mtu mwenye moja mwishoni ajiandae, atapigiwa simu za watoto Idi nzima.

ZUHURA: Lete uzi na sindano hapo, nitaidarizi.