Kiti cha SADC na Foleni ya Tunduma

Ndugu mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, nanyi wafanyabiashara mliofunga vibanda vyenu Mwanjelwa na Soweto, masoko yetu ya hapa Mbeya, kuja hapa: wakubwa shikamooni, vijana hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie zamu ya Tanzania kuongoza SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika. Nitaipima kwa Tunduma, mji wetu wa mpakani na Zambia, kwa sababu jumuiya hii inatugusa pale kuliko kwenye kumbi za mikutano. Malori yanayotoka bandarini kwenda Zambia na Kongo mnayaona kila siku yakipita Uyole, Mbalizi, Vwawa.

Agosti 2019, jijini Dar es Salaam, Rais Magufuli alipokea kiti kutoka kwa Rais Geingob wa Namibia. Kabla ya hapo tulikikalia 2003, enzi za Rais Mkapa. Miaka 16! Aliyezaliwa zamu ile alikuwa tayari yuko sekondari zamu hii ilipofika. Na ukikipata, ni mwaka mmoja tu.

Mwenyekiti wa SADC haamrishi mtu. Wakuu wa nchi huamua kwa maafikiano, kazi za kila siku ziko kwa sekretarieti Gaborone, na pembeni ya mwenyekiti wapo aliyetoka na anayefuata. Alichonacho mwenyekiti ni nafasi ya kusukuma ajenda. Tuliposukuma vizuri, tulipata: mkutano ule wa 2019 ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne, na uamuzi huo hauondoki na mwenyekiti. Mwaka 2003 vilevile, mkataba wa ulinzi wa pamoja ulisainiwa hapo hapo Dar es Salaam.

Kaulimbiu yetu ilikuwa viwanda, biashara na ajira. Oktoba 2019 Rais Magufuli na Rais Lungu walifungua kituo cha pamoja cha forodha Tunduma, ili lori likaguliwe mara moja badala ya kusimama pande zote mbili. Hilo nalipongeza kwa moyo wote.

Kisha ikaja korona. Aprili 2020 SADC ikatoa mwongozo wa kuruhusu mizigo muhimu ipite mipakani. Mei, maambukizi yalipopanda Nakonde, mji wa Zambia unaopakana na Tunduma, Zambia ikafunga mpaka. Fikirieni dereva aliyelala chini ya tela lake, mzigo wa watu uko juu, maji ya kunywa ananunua, na hajui geti litafunguliwa lini. Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa rais wetu, na bado geti lilifungwa, kwa kuwa ufunguo ni wa kila nchi na mwongozo haumlazimishi mtu. Mimi jambo hili linaniuma. Agosti tukamkabidhi kiti Rais Nyusi wa Msumbiji, kwa njia ya video.

Kwa hiyo siwaombi msubiri zamu nyingine. Mkataba wa SADC unataka kila nchi iwe na kamati ya kitaifa, na sekta binafsi ina nafasi humo. Wakulima wa mpunga wa Mbarali na Kyela, wenye malori, madalali wa viazi: pelekeni hoja moja iliyoandikwa, kwamba mpaka ukifungwa kwa dharura, chakula na dereva wake wawe na njia iliyokubaliwa mapema, kwa sheria inayozibana nchi zote 16. Ajenda ya mkutano wa wakuu hupikwa miezi mingi kabla, na barua hiyo inaweza kuanza kuandikwa hapa Mbeya wiki hii.