Mji wa Pwani Bila Gluteni: Ulizia Karai Kwanza

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo naongea na ninyi mnaojiandaa kutembelea mji wa pwani, nchi yoyote ile, na daktari ameshasema: ngano basi. Wengi mmeniomba majina ya migahawa. Majina sitawapa, kwa sababu mgahawa uliosifiwa mwaka jana unaweza kubadilisha mpishi wiki hii, na mpishi ndiye kila kitu. Nawapa maswali ya kuuliza.

Tuelewane kwanza. Mwenye ugonjwa wa seliaki hachagui chakula kwa maringo. Gluteni, ile protini ya ngano, shayiri na rai (nafaka jamaa ya ngano), huufanya mwili wake uushambulie utumbo wake mwembamba. Kiwango cha kimataifa cha chakula kuitwa hakina gluteni ni gluteni isizidi miligramu 20 katika kilo moja ya chakula. Katika kilo nzima, jamani! Kwa hiyo anayekwambia "onja tu, kidogo hakidhuru", mshukuru, usionje.

Sasa pwani. Watu husema huko ni raha, chakula ni samaki, na samaki hana ngano. Kweli hana, ila tazama anavyopikwa. Ngisi hugaragazwa kwenye unga kabla ya kuingia kwenye mafuta. Kome kuna wanaowapika kwa bia, na bia nyingi ni ya shayiri. Supu nzito ya samaki mara nyingi uzito wake ni unga. Mchuzi wa soya wa kawaida una ngano. Na vile vijiti vyeupe vyenye rangi nyekundu pembeni, vinavyouzwa kama nyama ya kaa, ni samaki aliyesagwa na kuchanganywa na wanga, na wanga huo mara nyingi ni wa ngano.

Lakini kinachowaponza wengi ni karai la mafuta. Umeagiza viazi vya kukaanga, viazi na chumvi basi, roho imetulia. Kule jikoni karai ni moja. Sasa hivi tu ametolewa humo samaki aliyepakwa unga, na chembe zake bado zinaelea. Viazi vyako vinatumbukizwa humo humo. Na msidhani moto utasaidia: gluteni si kijidudu, haifi kwa kuchemka.

Kwa hiyo swali langu la kwanza, kabla hata sijakaa, ni hili: "Mna karai la peke yake kwa vyakula visivyo na ngano?" Mhudumu akisema "ngoja nimuulize mpishi", akaenda kweli, akarudi na maelezo, hapo navuta kiti. Anayejibu "ndiyo, ndiyo, hakuna shida" nami sijamaliza kuuliza, namuaga kwa adabu naondoka. Sioni aibu hata kidogo, na ninyi msione aibu. Ni afya yenu.

Kama hakuna karai la peke yake, omba samaki wa kuchoma, lakini wavu wa kuchomea nao umepitiwa na mikate. Waambie wamchome ndani ya karatasi ya foili, au kwenye kikaango kilichooshwa. Nendeni mapema, kabla watu hawajajaa. Mpishi aliyezidiwa na oda hana nafasi ya kubadilisha koleo.

Haki zenu pia mzijue. Nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, zinautaka mgahawa ukueleze kama chakula kina mojawapo ya vizio 14, yaani vyakula vinavyowadhuru baadhi ya watu, vilivyotajwa kisheria, nafaka zenye gluteni zikiwemo. Uliza bila woga. Italia kuna chama cha wenye seliaki, Associazione Italiana Celiachia, chenye mtandao wa migahawa iliyopewa mafunzo. Nchi unayokwenda ikiwa na chama kama hicho, anzia hapo kabla ya kusoma sifa za watalii, maana mtalii anasifia mandhari, mgonjwa mwenzako anakwambia habari za jikoni.

Beba kadi kwa lugha ya wenyeji. Usiandike "sina ruhusa ya gluteni" halafu basi. Taja ngano, shayiri, rai, unga, mchuzi wa soya, mafuta yaliyokwisha kukaangiwa vyakula vya unga. Mpe mhudumu ikafike jikoni.

Na sahani ikiletwa, uliza tena: "Hii ndiyo ile isiyo na ngano?" Wahudumu hupokezana meza, na sahani nazo hukosea njia.