Washindani Walioazimana Wahandisi

Ndugu wasikilizaji, mwaka 1987 kampuni 14 za Marekani zilizotengeneza chipu, yaani vipande vidogo vya kielektroniki vinavyoendesha kompyuta, na zilizokuwa zikigombania wateja walewale, miongoni mwao IBM, Intel, Motorola na Texas Instruments, zilikubaliana kuanzisha ubia wa utafiti ulioitwa SEMATECH. Hazikusukumwa na mapenzi. Watengenezaji wa Japani walikuwa wamelitwaa soko la chipu za kumbukumbu, nao walikuwa wamekwisha kuifuata njia hiyo ya kutafiti pamoja kati ya 1976 na 1980, serikali yao ilipoziingiza kampuni tano kubwa katika mradi mmoja wa utafiti.

Serikali ya Marekani, kupitia Wizara ya Ulinzi, ilitoa takriban dola milioni 100 kwa mwaka, na kampuni zikachangia kiasi kama hicho. Fedha hizo zisingefaa kitu kama sheria ya mwaka 1984 isingekuwa imekwisha kuwapunguzia washindani hofu ya kushtakiwa kwa ukiritimba wanapotafiti pamoja. Chuo Kikuu cha Texas kilisaidia kupatikana kwa jengo la ubia mjini Austin, na vyuo vingine vikapewa fedha za utafiti wa muda mrefu.

Naomba nikae kidogo kwenye jambo linalosahaulika. Mwanzoni wabia walikusudia kubuni pamoja mbinu za kuzalisha chipu. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata, na kila kampuni iliiona mbinu yake kuwa ndiyo uhai wake, isiyoweza kuwekwa mezani mbele ya mshindani. Hivyo, wakati wa Robert Noyce, mmoja wa waanzilishi wa Intel aliyeuongoza ubia tangu 1988 hadi alipofariki mwaka 1990, mkazo ulihamia kwa viwanda vinavyounda mitambo ya kuzalishia chipu. Mtambo mbovu huwatia hasara wote, na kuupima na kuurekebisha pamoja hakumnyang'anyi yeyote bidhaa yake. Wahandisi walioazimwa na kampuni zao wakafanya kazi bega kwa bega, kisha wakarudi walikotoka na ujuzi huo.

Naamini uamuzi huo ndio uliouokoa ubia, ingawa si wote walioufurahia. LSI Logic na Micron zilijitoa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na siwalaumu, kwa kuwa mahitaji ya kampuni ndogo hayakuwa yale ya IBM. Waliobaki waliamua wenyewe kuacha kupokea ruzuku ya serikali, ambayo ilikoma mwaka 1996, wakaendelea kuulipia utafiti kwa ada zao.