Usiilipe Usiku Uleule

Mhadhara kwa madereva wanaozungumza Kiswahili, Fort Worth, Texas, umeandikwa kama ulivyotolewa

Hamjambo wazee, hamjambo akina mama, na nyie vijana mliojibanza karibu na mlango kama watu wanaotafuta njia ya kutoroka. Nashukuru kwa chai. Niliombwa nizungumzie bima ya magari, nikaona bima peke yake italaza watu. Basi tuanze na tochi.

Watanzania mmeshacheka. Kwa wenzetu wa Kongo na Burundi: tochi kwetu ni ile mashine ya trafiki ya kupimia mwendo, na mtu akinaswa tunasema kapigwa tochi. Ukipigwa tochi Chalinze, unaandikiwa shilingi 30,000, unalipa kwa simu, maneno yamekwisha. Kampuni ya bima haina habari na wala haikuulizi. Bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako, inahesabiwa kwa thamani ya gari, bima ndogo, ile inayowalipa wengine tu, ina bei yake inayojulikana, na tochi ulizopigwa mwaka mzima ni siri yako na trafiki. Kenya nako kuna jedwali: ukizidisha kilomita 6 hadi 10 ni shilingi 500, 11 hadi 15 ni 3,000, 16 hadi 20 ni 10,000. Unalipa, unaondoka.

Sisi tumekuja Texas na kichwa hichohicho. Hapa ndipo tunapoumia, kwa sababu hapa bima haiangalii gari tu, inamwangalia dereva. Umri wake, anakoishi, hata historia yake ya mikopo. Na inaangalia rekodi yake ya udereva, ile inayotunzwa na idara ya usalama wa umma kule Austin.

Niwape kisa changu, maana mtu akisimama mbele ya watu kufundisha, ni vizuri aanze na ujinga wake mwenyewe.

Mwaka wangu wa pili hapa nilikuwa natoka Wichita Falls kwa barabara ya 287. Mnaijua: upepo, ng'ombe, redio, unakwenda maili 70 kwa saa bila wasiwasi. Halafu mji mdogo unachomoza, kibao cha 70 kinakuwa 55, na mguu wangu ulikuwa bado umelala kwenye mafuta. Nilikuwa 73. Nikaona taa nyuma. Nikasimama, nikafungua mlango nishuke nikamsalimie askari, kama tunavyofanya nyumbani. Alinipigia ukelele ambao mpaka leo nikiukumbuka nakaa vizuri kwenye kiti. Hapa hushuki. Unakaa, mikono juu ya usukani, unangoja. Na yule ndugu yetu aliyezoea kukunja noti ndani ya leseni: kumhonga askari Texas ni jinai ya daraja la pili, kifungo miaka 2 hadi 20. Noti ibaki mfukoni.

Basi, nikapewa karatasi ya kosa, yaani tiketi, nikatia saini. Usiku uleule nikakaa mezani, nikalipa kwa kadi, dola 230. Nikamwambia mke wangu, nimemaliza. Nilijiona muungwana kabisa, mdaiwa asiyengoja kudaiwa.

Miezi minne baadaye ikaja barua ya bima. Nilikuwa nalipa dola 612 kwa miezi sita. Mpya ilisema 798. Nikampigia wakala, nina hakika kompyuta imekosea. Akasema, "Una hatia ya mwendo kwenye rekodi yako." Hatia? Mimi nimelipa faini! Akasema, "Ndiyo. Kulipa ndiko kukiri."

Ile nyongeza ilikuwa dola 186 kila miezi sita, na ilinikalia miaka mitatu. Sita mara 186 ni dola 1,116. Ile 230 niliyoiona kwenye karatasi ulikuwa mkia tu. Ng'ombe mwenyewe alikuwa bado zizini. Baadaye nikaenda kufanya kazi kwenye ofisi ya bima, nadhani kwa hasira.

Sasa sikilizeni kitu ambacho sikukijua usiku ule. Kampuni ya bima huwa haiioni tiketi. Inachokiona ni hatia iliyoingia kwenye rekodi. Kati ya tiketi na hatia kuna siku kadhaa, na katika siku hizo uamuzi ni wako. Mimi niliziua siku zangu zote kwa dakika tano, kwa kadi ya benki.

Ichukueni karatasi yenyewe tuisome. Saini uliyotia si kukiri kosa. Ni ahadi kwamba utaitika mahakamani. Ukikataa kutia saini unaweza kupelekwa kituoni, kwa hiyo tia. Tafuta mahali palipoandikwa mahakama gani: ukikamatwa na polisi wa mji, mara nyingi ni mahakama ya mji, ukikamatwa na askari wa jimbo au wa kaunti, ni kwa hakimu wa amani, yaani hakimu wa kesi ndogondogo wa kaunti. Tafuta tarehe ya kuitika. Iandike ukutani, kwenye simu, mwambie na mtoto akukumbushe. Ukiipitisha, mahakama inaweza kutoa hati ya kukukamata, kukufungulia shitaka jingine la kutotokea, na kukuzuilia leseni isifanywe upya. Tatizo la mwendo hapo limeshazaa watoto.

Na kwa kuwa niko kwenye karatasi: ukiona ujumbe wa simu unasema una tiketi ya kamera, bonyeza hapa ulipe, ufute. Sheria ya Texas inaikataza miji kutumia kamera za mwendo. Tiketi ya mwendo utapewa na binadamu aliyekusimamisha.

Haya. Mahakama itakutaka useme moja kati ya maneno matatu: nina hatia, sipingi, au sina hatia. Watu hudhani "sipingi" ni njia ya kati ya kujiokoa. Kwa rekodi na kwa bima haikuokoi, hatia inaingia vilevile. Faida yake ni kwamba kama kulikuwa na ajali na mtu akaja kukudai fidia, lile neno haliwezi kutumiwa kama kukiri kwako.

Njia ninayowapendekezea wengi wenu ni darasa la udereva. Ni saa sita, unaweza kulifanya kwenye simu yako umekaa kitandani, na linachosha, sitawadanganya. Unaiandikia mahakama kabla ya tarehe ile, unasema nina hatia au sipingi na naomba darasa, unaonyesha leseni ya Texas na bima iliyo hai, unalipa gharama za mahakama. Unapewa siku 90. Ukileta cheti na nakala ya rekodi yako kwa wakati, shitaka linafutwa. Halifiki kwenye rekodi. Na sheria yenyewe inaikataza kampuni ya bima kukupandishia bei kwa sababu ulifanya darasa. Makampuni mengine hata hupunguza kidogo ukiwapelekea nakala ya cheti, kwa hiyo waulizeni.

Ila mlango huo una kizingiti. Usiwe umeutumia ndani ya miezi 12 kabla ya kosa. Usiwe umezidisha maili 25 au zaidi, wala kufika 95. Usiwe umekamatwa penye ujenzi na mafundi wakiwa kazini. Hapo faini nayo huwa maradufu. Mimi nilikuwa nimezidisha 18. Nilikuwa nafaa kabisa! Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza.

Kama darasa umeshalitumia, kuna kuahirishiwa hukumu. Hii ni hiari ya hakimu, si haki yako. Anakupa muda, usiozidi siku 180, unalipa anachokupangia, na usifanye kosa jingine. Ukitoka salama, kesi inafutwa. Mwenye umri chini ya miaka 25 ataamriwa afanye na darasa humohumo. Kumbukeni hilo wazazi, kwa sababu kijana aliye kwenye bima yako akipata hatia, anayelipa ni wewe.

Ya tatu ni kusema sina hatia na kusikilizwa. Texas una haki ya kesi yako kuamuliwa na baraza la raia sita hata kwa tiketi ya mwendo. Na una haki ya mkalimani. Ombeni mkalimani wa Kiswahili mapema, kwa maandishi. Tafadhali sana tuache kuwatumia watoto wetu. Nimeona mtoto wa miaka kumi na mmoja akijaribu kumweleza hakimu maneno ya baba yake, na baba alikuwa anasema "nilikuwa nawahi zamu". Hiyo si hoja. Kibao cha mwendo Texas mara nyingi ni ushahidi wa awali kwamba mwendo wako haukuwa salama. Unaruhusiwa kuonyesha kwamba kwa hali ya barabara saa ile ulikuwa salama. Lakini lazima uonyeshe, na hakimu wa mji mdogo amesikia yote. Maoni yangu: usiende kusikilizwa kwa kutegemea kwamba askari hatakuja. Wengi huja.

Kama huna pesa, hilo nalo lisemwe mbele ya hakimu. Anaweza kukupangia kulipa kidogo kidogo, kukupa kazi za jamii, hata kukusamehe. Kukaa kimya kwa sababu huna pesa ndilo kosa kubwa kuliko yote niliyotaja.

Sasa madereva wa malori. Mnyooshe mikono. Nilijua, nusu ya ukumbi. Ndugu zangu, darasa na kuahirishiwa havipo kwenu. Sheria ya shirikisho inazuia mahakama kuficha kosa la barabarani la mwenye leseni ya malori, hata kama siku hiyo ulikuwa kwenye gari lako dogo unaenda kununua unga. Ukiwa kwenye lori na ukazidisha maili 15 au zaidi, hilo ni kosa zito: mawili ndani ya miaka mitatu, huendeshi siku 60, matatu, siku 120. Na ukipatikana na hatia una siku 30 za kumwarifu mwajiri. Kwa hiyo nyinyi ndio peke yenu ninaowaambia bila kusita, tafuteni wakili wa mambo ya barabarani kabla ya kusema neno lolote mahakamani. Ada yake linganisheni na miezi miwili bila mshahara.

Kuna mtu amenong'ona hapa mbele, "Si bora niache bima nisubiri miaka mitatu ipite?" Nashukuru kwa kusema ukweli, maana wengi hulifanya bila kulisema. Bima inapanda, mtu anaikata. Akisimamishwa bila bima, faini ya mara ya kwanza ni dola 175 hadi 350. Na hiyo ni heri. Kiwango cha chini cha Texas kinalipa dola 30,000 kwa mtu uliyemuumiza, 60,000 kwa ajali nzima, 25,000 kwa mali. Bila bima, hizo zote zinatoka kwako. Bei ikipanda, zunguka kwa mawakala wengine watatu wanne. Kila kampuni hupima tiketi kwa mizani yake, na tofauti huwa kubwa kuliko mnavyodhani. Lakini ukiulizwa kwenye fomu kama una hatia ya barabarani miaka mitatu iliyopita, sema kweli. Wataiona, na ukiwa umedanganya wanaweza kukukana siku ya ajali.

Maswali.

Ndiyo mzee. Anauliza kuhusu tiketi ya Oklahoma. Inakufuata, mzee wangu. Majimbo haya yanapeana taarifa. Na darasa la Texas haliifuti. Uliza mahakama ya kule ina utaratibu gani, uulize kabla ya kulipa.

Dada wa kanga ya njano? Anauliza kuhusu maombi ya uraia. Tiketi ya mwendo peke yake kwa kawaida haiyaharibu maombi hayo, lakini weka karatasi zote, risiti, barua ya kufutiwa kesi, kwenye bahasha moja, uzipeleke kwa wakili wa uhamiaji akuambie ujaze nini. Hati ya kukamatwa iliyotokana na tiketi uliyoisahau ni jambo jingine kabisa. Hiyo isafishe kwanza.

Mama, wewe ulikuwa umeinua mkono muda mrefu. Unayo hapo? Hebu nipe. Mwanao huyu? Kumi na tisa. Sitini na mbili kwenye arobaini na tano... amezidisha 17, hajafanya darasa lolote, leseni ni ya Texas. Vizuri. Umeshalipa? Ulitaka kulipa leo usiku. Tarehe ya kuitika ni Alhamisi, mama. Kaa hapahapa karibu na chai, mwite na yeye aache kujificha mlangoni, na mtu anipatie kalamu.