Kipimo cha gesi kikae kwenye chukudu

Jambo Goma! Jambo Birere, Majengo, Ndosho, na mama yangu kule Katoyi, najua unaniangalia kwa mega (data ya intaneti) za jirani.

Niko Oakland, California, nimetoka kazini. Juzi usiku simu zetu zote ghalani zililia onyo kwa pamoja, na bado hatujahisi kitu. Moja, mbili, tatu... rafu zikaanza kucheza. Tetemeko dogo tu. Mimi nilishafika mlangoni! Aliyekulia chini ya volkano ya Nyiragongo haambiwi mara mbili.

Huku mitambo imezikwa ardhini. Lakini tangu 2021, Ugiriki na New Zealand, Google wanatumia simu zenyewe. Kile kidude kinachogeuza picha ukilaza simu, ndicho kinachohisi mtikisiko. Simu moja ikitikisika, pengine mtoto kaiangusha. Za mtaa mzima zikitikisika pamoja, ni tetemeko, na ujumbe unakimbia kuliko mawimbi ya ardhi.

Nikawaza mazuku, ule upepo mbaya wetu. Ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, basi inalala mashimoni, haina rangi wala harufu. Mbuzi anaanguka, mtoto anaanguka, mahali ambapo mtu mzima amepita amesimama. Vibao vya kuonya vipo, lakini kibao hakihami. Gesi inahama.

Rafiki yangu akasema tufunge vipimo vya gesi kwenye moto, yaani pikipiki, za motari. Hapana, bandugu! Usukani wa moto uko kifuani, mazuku iko magotini. Funga kwenye chukudu, ile skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo! Ubao wake uko chini, inapita polepole, tena inafika vichochoro ambavyo gari halijawahi kuviona. Nilicheka peke yangu ndani ya basi, watu wakanitazama.

Ila mega nani atalipa? Mei 22, 2021 lava ilishuka bila onyo, na miezi kabla yake waliokuwa wakiuchunguza mlima walikosa hela ya intaneti. Kipimo kisichotuma habari ni chuma tu.

Halafu kinachojua gesi iko wapi kinajua pia mwenye chukudu alipita wapi, saa ngapi. Kwa mji wetu wa leo, mnanielewa. Kitume kiasi cha gesi na mahali, jina libaki nyumbani.

Wenye chukudu, niambieni hapo chini: kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni, mkikifunga chini ya ubao, kitamaliza wiki kwenye yale mawe ya volkano?