Malkia Asomaye Kitandani

Kijana wa projekta, rudisha ile picha ya kwanza. Mlionisikiliza mwaka jana mnaijua, nivumilieni.

Huyu ni Eleanor wa Aquitaine, aliyefariki mwaka 1204. Amelala chali juu ya kaburi lake katika abasia, yaani makao ya watawa, ya Fontevraud, Ufaransa. Tazameni mikono: kashika kitabu, kimefunguliwa. Anayelala ubavuni kwake ni mumewe, mfalme Henry II wa Uingereza, yule yule aliyemfungia miaka kama 15 baada ya wana wao kumwasi baba yao. Bwana kafumba macho na fimbo yake ya enzi mkononi. Bibi anasoma. Hata akiulizwa, “Mwenzangu, umelala?” hana habari naye.

Namwona mzee wangu pale nyuma anatikisa kichwa: hilo ni kaburi, si kitanda. Haya, tazama mto chini ya kichwa. Tazama nguo iliyotandikwa ilivyoning'inia pembeni. Mchongaji kachonga kitanda, mzee wangu! Na mikono angeweza kuikunja kifuani kama ya marehemu yeyote. Kaipa kitabu.

Kwa nini namrudia? Kwa sababu sisi tulifundishwa kuwa kitabu ni meza, kiti na mtihani. Ukisoma umejilaza, utaambiwa unaua macho, au huna kazi. Mimi darasa la sita nilisoma kwa kibatari ndani ya chandarua. Chandarua kikashika moto, kikabaki na tundu la ukubwa wa sahani. Mama alilitia kiraka cha kanga nyekundu, makusudi, usawa wa macho yangu. Nililala nikikitazama hadi namaliza shule. Lakini malkia huyu nani atamwuliza mhusika mkuu ni nani, na dhamira ni zipi? Anasoma tu!

Mwenyekiti anatazama saa. Haya, haraka: hii ni ya mpiga picha André Kertész, 1929, hospitali ya Beaune iliyoanzishwa 1443 kwa ajili ya maskini. Bikizee kaketi kitandani kati ya mapazia, kainamia kitabu. Ningependa tukae hapa, basi tu.

Hii nyingine, mchoro wa Antoine Wiertz, 1853: mwanamke kajilaza uchi na riwaya yake, shetani anamsogezea vitabu vingine kutoka chini ya kitanda. Mchoraji alitaka tuogope. Mimi naona mkutubi mwenye bidii.

Swali la simu kitandani najua linakuja. Nililijibu mwaka jana.